Mdudu Ajifichaye Atafutwapo

Mafundi wa kompyuta huliita kosa lililojificha ndani ya programu kwa jina la mdudu. Jina hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta zenyewe, kwa maana Thomas Edison alilitumia katika barua yake ya mwaka 1878, alipokuwa akieleza taabu ndogo ndogo zinazozuka pale mtambo mpya uanzapo kujaribiwa. Watu wengi husimulia kwamba lilianza mwezi wa Septemba 1947, mafundi wa chuo cha Harvard walipomkuta nondo amenaswa ndani ya mtambo wao ulioitwa Mark II, wakambandika kwa utepe wa gundi katika daftari la kazi. Kisa cha nondo ni cha kweli, na daftari lile limehifadhiwa mpaka leo; lakini mafundi wale waliandika kwa mzaha kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kumpata mdudu wa kweli, na mzaha huo usingekuwa na maana kama jina lisingekuwa vinywani mwao tayari.

Makala haya hayahusu wadudu wote wa jamii hiyo. Yahusu kabila moja tu miongoni mwao: yule aonekanaye kila siku watu wawapo kazini, na siku fundi ajapo kumtafuta hayupo. Fundi anayo programu maalumu ya kuwasakia wadudu. Kwa programu hiyo huiendesha programu yenye kosa hatua kwa hatua, akiisimamisha apendapo na kukagua kila kilichomo katika kumbukumbu yake. Programu hiyo ya kusakia nitaiita msasi. Naona jina hili lafaa hasa katika makala yanayoelekea Katavi, kwa kuwa wenyeji husimulia kwamba jina la nchi ile latokana na Katabi, msasi wa kale ambaye roho yake yakaa katika mkwaju kando ya ziwa, na watu huenda kuweka sadaka chini ya mti huo.

Basi msasi akiwapo, mdudu wa kabila hili hatokei. Programu yaenda sawasawa tangu mwanzo hata mwisho. Msasi akiondolewa, kosa larudi. Mwaka 1985 Jim Gray, mtaalamu wa kampuni ya Tandem huko Marekani, aliandika taarifa mashuhuri juu ya sababu za kompyuta kusimama, na ndani yake akawagawa wadudu makundi mawili. Wa kwanza aliwapa jina la Bohr: hao ni wagumu, hukaa mahali pao, na ukirudia kitendo kile kile utawakuta pale pale. Wa pili aliwapa jina la Heisenberg, mwanafizikia Mjerumani ambaye mwaka 1927 alionyesha kwamba mahali pa chembe na mwendo wake haviwezi kujulikana vyote viwili kwa ukamilifu usio na mpaka. Wanafizikia wenyewe husema kwamba kanuni hiyo haihusu tu kuvuruga kitu kwa kukitazama, nao wana haki. Lakini mafundi hawakuwa wakitunga mtihani wa fizikia, walikuwa wakitafuta jina la kumpa adui.

Kwa nini mdudu huyo atoweke? Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, kama vilivyo vyama vya upande wa Mpanda. Kuna daftari moja la akiba na makarani wawili. Karani wa kwanza asoma kwamba mkulima fulani ana shilingi 1,000. Kabla hajaandika neno, karani wa pili naye asoma shilingi 1,000 zile zile. Wa kwanza aongeza shilingi 200 za mzigo uliopokelewa asubuhi, aandika 1,200. Wa pili aongeza shilingi 300 za mzigo wa mchana, aandika 1,300 juu ya maandishi ya mwenzake. Mkulima alistahili shilingi 1,500. Shilingi 200 zimepotea, wala hapana mwizi. Kosa hili hutokea tu pale mikono miwili ikutanapo juu ya daftari katika nukta moja. Sasa mkaguzi afika, akaa kati yao, ataka kila mmoja aeleze alifanyalo kabla ya kulifanya. Kwa ajili ya kumngoja mkaguzi, karani wa pili halishiki daftari mpaka wa kwanza amekwisha kulifunga. Hesabu yatoka barabara. Mkaguzi atia sahihi, aondoka zake, na kesho yake shilingi zaanza kupotea tena.

Ndivyo msasi afanyavyo ndani ya kompyuta. Yeye hupunguza mwendo, na kosa lililozaliwa na mwendo hufa kwa kupunguzwa mwendo. Wako pia wadudu wengine wa kabila hili wasiohusika na saa. Programu yaweza kupewa nafasi katika kumbukumbu na kuanza kuitumia bila kuifuta kwanza, mfano wa mwanafunzi apewaye kibao chenye hesabu za mwenzake akadhani ni zake. Naye msasi aghalabu hutoa kibao kilichofutwa, au husogeza vitu vyote nafasi kidogo, na masalio yale hayasomwi tena. Na iko mitambo ambayo huishika namba kwa tarakimu nyingi zaidi iwapo ndani ya moyo wa mtambo kuliko iwapo katika kumbukumbu. Fundi akiagiza tu namba ile ionyeshwe, yaandikwa katika kumbukumbu, yapunguka tarakimu, na kosa lililotokana na tarakimu zile za mwisho latoweka. Hapo fundi hakugusa kitu. Aliuliza tu.

Nchini Tanzania kompyuta ya kwanza, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku ambayo baadaye yalilegezwa. Historia yetu ya wadudu wa programu, basi, ni fupi. Walakini historia yetu ya kumsaka mdudu asiyekubali kusakwa si fupi hata kidogo, na mdudu mwenyewe ana mbawa.

Huyo ni mbung'o, ambaye watu wengi wa magharibi humwita ndorobo. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012 na makao yake yakawekwa Mpanda, sehemu yake kubwa ni pori la miombo, na pori la miombo ni nyumba ya mbung'o wa aina iitwayo Glossina morsitans. Yeye huchukua vijidudu vya malale na kumwambukiza mtu, na vijidudu vya nagana na kumwambukiza ng'ombe. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe wameishi naye siku zote. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa uongozi wa kitaalamu wa Dk. George Maclean, iliwahamisha watu waliotawanyika katika mapori ya magharibi na kuwakusanya katika makazi makubwa, kwa hoja kwamba watu wengi wakilima pamoja hulifukuza pori, na mbung'o hufukuzika nalo. Mahame waliyoyaacha yakarudiwa na miti. Baadaye reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda, ilipita katika pori hilo hilo. Na mwaka 1974 sehemu ya nchi hiyo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Ili kupigana na mbung'o ilipasa kwanza kumhesabu. Makao ya kazi hiyo katika Tanganyika yalikuwa Shinyanga, chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyetoa kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki mwaka 1936, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Njia iliyotumika zaidi ilikuwa mzunguko. Watu wawili au zaidi huenda kwa miguu katika njia iliyokwisha kupimwa porini, wakiwa na nyavu za mkono na pengine kitambaa cheusi kilichochukuliwa juu ya miti. Hutembea, husimama, huwakamata mbung'o wanaotua juu ya kitambaa au juu ya miili yao wenyewe, huandika idadi ya madume na majike, kisha huendelea. C. H. N. Jackson, aliyefanya kazi ya miaka mingi katika mapori ya Tanganyika, aliandika wingi wa mbung'o kwa kuhesabu madume waliokamatwa katika kila yadi 10,000 za mwendo. Ni njia rahisi. Yataka miguu, macho na uaminifu, na wakamataji Waafrika walioifanya kazi hiyo, ambao majina yao hayakuchapwa katika majarida, walikuwa na vyote vitatu.

Lakini mizunguko ilileta jambo la ajabu. Mbung'o huzaliwa madume na majike karibu sawa, na majike huishi siku nyingi zaidi. Kwa hiyo porini hapana budi majike wawe wengi kuliko madume. Katika nyavu za mizunguko ikawa kinyume: madume yalijaa, majike yalikuwa machache. Jackson na wenzake hawakuwa watu wa kudanganywa kwa urahisi. Walifahamu kwamba madume wengi wafuatao kitu kiendacho hawafuati damu. Wanafuata kwa sababu mnyama aendaye huvutia majike wenye njaa, na dume akikaa karibu na mnyama huyo amekaa mahali pa kuoa. Jackson alijaribu kuikwepa hila hiyo kwa kuwatia mbung'o alama za rangi, kuwaachilia, kisha kuwakamata tena na kukisia idadi yao kwa hesabu ya waliorudi. Hii ilikuwa hatua kubwa, nayo ikaigwa na wataalamu wa wanyama wengine duniani. Hata hivyo aliyewakamata mara ya kwanza alikuwa mtu, na aliyewakamata mara ya pili alikuwa mtu pia.

Jambo lenyewe lilifumbuliwa mbali na kwetu, katika bonde la Zambezi. Mwaka 1974 Glyn Vale, mtafiti aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, alichapisha matokeo ya wavu wa namna mpya. Ulikuwa wavu wa nyaya nyembamba mno, ambazo mbung'o hazioni vizuri, zenye umeme ndani yake. Mbung'o akipita huanguka, na hapana haja ya mtu kusimama karibu. Vale aliweka nyavu hizo kumzunguka ng'ombe, mara bila mtu, na mara mtu akiwa amesimama kando. Mtu alipokuwapo, mbung'o waliomjia ng'ombe walipungua. Sura ya mtu na harufu yake viliwafukuza. Kumbe yule aliyetumwa kuhesabu alikuwa akiwatawanya aliotumwa kuwahesabu, na waliobaki wakimfuata walikuwa sehemu ndogo ya mbung'o wa pori lile, tena sehemu isiyofanana na wengine.

Nadhani msomaji aona sasa kwa nini nimemchukua huyu kuwa ndugu wa mdudu wa kompyuta. Katika mizunguko mpimaji alikuwa kiungo kimoja cha kipimo chake, kama mkaguzi aliyeketi kati ya makarani. Na jambo hili halikuwa mchezo wa wataalamu. Kwa tarakimu za mizunguko iliamuliwa kama ukataji wa miti umefaa, kama uuaji wa wanyamapori umefaa, kama ng'ombe waweza kupitishwa mahali. Mzunguko ulioleta sifuri ulisomwa kwamba hapana mbung'o. Maana yake halisi ilikuwa kwamba hapana mbung'o aliyekubali kuwafuata watu wawili wenye wavu siku ile, na umbali kati ya maneno hayo mawili ni mkubwa. Sisemi kwamba kazi yote ya Shinyanga ilikuwa bure. Kipimo chenye upotofu ulio sawa siku zote chaweza kulinganisha mwezi na mwezi, na ndivyo walivyokitumia wale waliokielewa. Hatari ilikuwa kwa wasomaji wa taarifa, waliokaa mbali na pori na kuiona namba bila kumwona aliyeichukua.

Yafaa nitenge hapa jambo jingine ambalo kwa juu lafanana na hili, kumbe silo. Vijidudu vya malale navyo hutoweka. Mgonjwa aweza kutolewa damu leo, kioo kikatazamwa kwa darubini, asionekane hata mmoja, na baada ya siku chache damu ile ile ikajaa. Mwaka 1910 Ronald Ross na David Thomson walimchunguza huko Liverpool mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, kusini ya nchi yetu, na badala ya kumtazama mara moja walivihesabu vijidudu katika damu yake siku baada ya siku. Idadi ikapanda na kushuka kama mawimbi, kila wimbi likija baada ya juma moja hivi. Leo twajua sababu: kijidudu huvaa koti la protini, mwili hulitambua koti hilo na kuwaua wenye kulivaa, na wachache waliokwisha kubadili koti huanza ukoo mpya. Mwaka 1969 Keith Vickerman alilieleza koti hilo.

Kijidudu hiki hakijali kama darubini ipo au haipo. Chajificha mwili wenye kupigana nacho, hakijifichi daktari. Kwa hiyo dawa ya kosa la namna hii ni kutazama mara nyingi, kama Ross na Thomson walivyofanya. Mbung'o wa mzunguko hana dawa hiyo: ukizunguka mara mia na watu wale wale, utapata upotofu ule ule mara mia, tena utauamini zaidi kwa kuwa umerudiwa. Mafundi wa kompyuta huyachanganya mambo haya mawili kila siku. Kosa litokealo mara moja katika mara elfu huliita mdudu wa Heisenberg, hata kama msasi hana hatia yoyote na lililopungua ni subira tu. Gray mwenyewe hakutenga sana, kwa maana haja yake ilikuwa nyingine: aliona kwamba makosa mengi yaliyobaki katika programu zilizokwisha kujaribiwa hayarudi kitendo kikianzwa upya, na akashauri mtambo uanze upya tu. Kwa benki ushauri huo ni mzuri. Kwa mgonjwa wa malale aliyeambiwa damu yake ni safi akarudi porini kurina asali, hauna faida. Na warina asali, wasasi na wavuvi ndio hasa waliokuwa wakipatwa na malale katika nchi hizi, nao ndio aghalabu waliokuwa mbali porini siku watu walipoitwa kukusanyika na kukaguliwa.

Mfano wa kutisha kupita yote watoka katika hospitali. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL, iliwapiga wagonjwa sita kwa mionzi kupita kiasi mara nyingi mno, na baadhi yao wakafa. Katika mji wa Tyler, Texas, mgonjwa wa kwanza aliumizwa mwezi wa Machi 1986. Mashine ikasimamishwa, wahandisi wakaja, wakaijaribu, wasione kosa, nayo ikarudishwa kazini. Mwezi wa Aprili mgonjwa wa pili akaumizwa. Hapo mwanafizikia wa hospitali hiyo akakaa na mwendeshaji wa mashine, wakarudia tena na tena mambo aliyoyafanya siku zile mbili, mpaka wakalipata. Mwendeshaji alikuwa amezoea kazi hata vidole vyake vikawa vyepesi; aliposahihisha herufi moja aliyoikosea katika maagizo, akamaliza ndani ya sekunde nane ambazo sumaku za mashine zilikuwa zikijipanga, programu haikuyaona masahihisho yake. Mtu achapaye polepole, kwa uangalifu wa mtu anayechunguza jambo la hatari, hakuweza kulifikia kosa hilo kamwe. Nancy Leveson na Clark Turner waliyaandika hayo yote mwaka 1993 katika uchunguzi ambao wanafunzi wa fani hii husomeshwa mpaka sasa.

Mambo mawili katika kisa hicho yanistaajabisha. La kwanza ni kwamba uangalifu wenyewe ndio uliolificha kosa. La pili ni nani aliyelifichua: si wahandisi waliotoka mbali na vyombo vyao, bali mwendeshaji aliyekubali kuwa mbele ya mwanafizikia kama alivyokuwa siku zote, mwepesi na mwenye haraka. Laiti wale wakamataji wa mizunguko wangaliulizwa kwa namna hiyo, waliotembea yadi elfu nyingi kila juma na kujua wenyewe ni wapi mbung'o huwauma wakiwa wamekaa na ni wapi huwafuata wakiwa wanakwenda, pengine jibu lingalipatikana Shinyanga kabla ya Zambezi. Hayo ni makisio yangu.

Mafundi wa baadaye walijifunza kumwacha mtazamaji ndani ya mtambo tangu mwanzo, ili kuwapo kwake kuwe sehemu ya hali ya kawaida. Chombo Pathfinder, kilichotua katika sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997, kilianza kujizima na kujiwasha chenyewe kwa sababu ya kazi ndogo iliyoizuia kazi kubwa wakati usiotazamiwa. Wahandisi waliendesha chombo kinachofanana nacho hapa duniani saa nyingi mpaka kikafanya vile vile, na waliweza kuona sababu kwa kuwa vinasa habari vya kuchunguzia havikuondolewa katika programu kabla ya safari. Wavu wa Vale ulifuata fikira iyo hiyo kwa njia ya kinyume: mtazamaji aliyeshindwa kuzoeleka aliondolewa, akawekwa waya.

Kutokana na kazi hizo vikaja vitambaa vya buluu na nyeusi vyenye dawa ambavyo hutundikwa porini kumwua mbung'o bila mtu kuwapo. Mgeni apitaye kwa gari kutoka Sitalike kuingia Hifadhi ya Katavi, akivuka mto Katuma kuelekea bonde la Chada, huzungukwa na mbung'o hata akafunga vioo, na jioni husimulia jinsi walivyo wengi. Wengi wa hao waliolifuata gari lake ni madume. Jike, mwenye mtoto mmoja tumboni, kwa maana mbung'o huzaa funza mmoja mmoja, amekaa juu ya gome la mti mita chache kutoka barabarani, naye hakuhesabiwa.